Kaya ya Watu Watatu

Nilikuwa nimebakiza fomu moja.

Ilikuwa Jumatano, tarehe 13 Novemba 1996, saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni, kwenye kituo cha mapokezi ya wakimbizi pembeni mwa ziwa, Kigoma. Saa naikumbuka kwa sababu niliitazama mara nyingi. Meli ya kwenda Mpulungu, Zambia, ilikuwa inaondoka saa mbili usiku. Mume wangu, Benedict, alikuwa ananisubiri bandarini na masanduku mawili. Fungate letu, lililoahirishwa tangu Januari kwa sababu ya kazi, ndiyo kwanza lilikuwa linaanza. Lusaka, Livingstone, kisha mbuga ya Luangwa kutazama wanyama.

"Mnavuka mpaka kwenda kutazama tembo?" Verediana alinicheka kutoka meza ya pili. Yeye ni Muha wa Kidahwe, na ndiye aliyenifundisha kazi ya kuandikisha. "Tembo wa Tanzania wana kasoro gani?"

"Benedict anasema wa kwetu tutawaona siku yoyote."

"Umeshawaona?"

"Bado."

"Haya. Wasalimie hao wa nje."

Mbele yangu alikaa bibi mmoja. Alikuwa ameshuka kwenye boti ya mbao iliyotoka upande wa Zaire saa nane mchana. Jua lilikuwa limewaka siku nzima, lakini kitenge chake kilikuwa bado kimelowa hadi magotini. Alinuka majivu yaliyomwagiwa maji. Majivu na mawese.

"Shikamoo bibi. Jina lako nani?"

"Melania Barinakandi."

"Mko wangapi kwenye kaya?"

Alinitazama. Hakunitazama usoni. Alitazama chini zaidi, pale ukingo wa meza ulipogusa gauni langu.

"Turi batatu."

Tuko watatu. Kirundi cha kiasi hicho nilikuwa nimeshakijua. Nikatazama nyuma yake. Hapakuwa na mtu. Wengi walifika hivyo, wakihesabu watu waliobaki majini.

"Wenzako wako wapi, bibi?"

"Turi batatu."

Mtu aliyefika peke yake, bila kaya, alikuwa anawekwa pembeni hadi afisa mwingine aje kesho yake. Bila kadi hakuna blanketi, hakuna uji, hakuna nafasi kwenye lori la kambini. Na sehemu ya mkuu wa kaya haiachwi wazi. Nilitazama saa. Nilitazama miguu yake iliyokuwa inatetemeka. Kisha nikafanya kitu ambacho sikuwahi kukifanya kabla, wala baada ya hapo.

Mkuu wa kaya: Sia Lyimo. Hilo ni jina langu.
Mume: Benedict.
Shangazi: Melania Barinakandi.
Jumla: watu watatu.

Nilijiambia nitairekebisha nikirudi. Kwa utaratibu wetu fomu husomwa kwa sauti mbele ya mwenyewe, ndipo aweke dole gumba. Nikaisoma, harakaharaka, kwa sauti ya chini ili Verediana asisikie. Bibi akasikiliza majina yote matatu. Kwenye jina la Benedict alitikisa kichwa, kama mtu anayekataa. Nikafikiri amechoka.

Akabonyeza kidole. Alama ilitoka na tone la maji katikati.

Kuna jambo ambalo siku hiyo lilikuwa langu peke yangu. Nilikuwa nimechelewa siku nne. Mwezi Machi mimba yangu ya kwanza ilitoka, ikiwa na wiki tisa, baada ya mimi kuitangaza kwa kila mtu hadi mwenye duka la mkaa. Mama alinipigia simu kutoka Moshi. Safari nyingine, alisema, funga mdomo mpaka miezi mitatu ipite. Hata kwa mumeo.

Nikafunga mdomo.

Kwenye meli mhudumu alituletea chai. Vikombe vitatu.

"Tuko wawili," Benedict alisema.

Mhudumu alitazama kitanda cha chini, kilichokuwa kitupu, akaomba radhi kwa sauti ndogo. Kikombe cha tatu hakukichukua.

Kasama, nyumba ya wageni, tulipewa taulo tatu. Lusaka, dada wa mapokezi aliandika kitabuni na kutugeuzia tuweke sahihi: watu watatu. Benedict alikata kwa kalamu huku anacheka. Mimi sikucheka, lakini, Mungu anisamehe, nilifurahi. Kila jioni nilikuwa naweka nukta kwenye shajara yangu, nukta moja kwa siku moja ya kuchelewa, na nilifikiri nimeelewa. Watu wanamwona, nilijiambia. Mwanangu ana nguvu kiasi kwamba hata wageni wanamhesabu.

Livingstone nilisimama mbele ya maporomoko, manyunyu yakatulowesha, na mpiga picha wa pale akatupanga. "Sogeeni. Mama naye asogee kidogo, anakatika."

"Mama gani?" aliuliza Benedict.

Mpiga picha alishusha kamera yake. Alitazama upande wangu wa kushoto. Kisha akasema mwanga umekuwa mbaya, akaondoka bila kutupiga.

Usiku ule chumbani niliamka kwa harufu.

Majivu yaliyolowa.

Mawese.

Tulifika Luangwa tarehe 27. Dereva na mwongozaji wetu aliitwa Bonifasi, mtu mpole, mwenye kofia iliyotoboka. Saa kumi jioni tulipanda gari lake la wazi, mimi na Benedict siti ya nyuma. Bonifasi hakuwasha gari.

"Tunasubiri nini?" Benedict aliuliza.

"Mama yenu apande."

Bonifasi alikuwa anatazama chini, kando ya mlango, kwa heshima, kama unavyomtazama mzee anayehangaika kupanda ngazi. Mara gari likalala kidogo upande wangu. Chuma kililia. Bonifasi akaitikia kwa kichwa na kuwasha injini.

Benedict alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

Tuliona twiga. Tuliona viboko. Siwezi kusema walikuwaje. Karibu na jua kuzama tulikuta tembo jike na ndama wake wakivuka njia, na Bonifasi akazima gari. Yule jike alitukaribia hadi nikaona matope yaliyokauka kwenye kope zake. Alinyoosha mkonga. Alininusa mimi... akanusa tumbo langu, taratibu, muda mrefu. Kisha akauhamishia mkonga kwenye siti tupu iliyokuwa kushoto kwangu.

Mkonga ulisimama hewani.

Tembo akarudi nyuma. Hakugeuka, alirudi kinyumenyume, akimsukuma ndama wake kwa miguu ya nyuma, mpaka majani yakawafunika.

"Sijawahi kuona hivyo," Bonifasi alinong'ona. Halafu, bila kugeuka: "Mwambieni mama asiweke mkono wake pale. Kwa mjamzito si vizuri."

Benedict hakusikia neno la mwisho, au alijifanya hakulisikia. Mimi nilitazama gauni langu. Juu ya tumbo palikuwa na alama iliyolowa. Vidole vinne. Na dole gumba.

Tulirudi Kigoma Jumapili, tarehe 8 Desemba. Jumatatu asubuhi nilikwenda moja kwa moja kwenye kabati la fomu. Verediana alinifuata na kufunga mlango.

"We msomi," alisema, "hata kufoji hujui. Unatumia jina lako mwenyewe?"

"Yule bibi yuko kambi gani?"

Aliacha utani. "Hakufika kambini, mdogo wangu. Alifariki usiku uleule, palepale kwenye turubai. Meli yenu haijafika hata mbali. Tukatafuta kaya yake ije imzike. Nikafungua fomu, nikakuta wewe."

Niliketi.

"Nilificha fomu ili usifukuzwe kazi. Amezikwa na vijana wa kibarua. Hakuna aliyesema kwaheri. Hakuna aliyetupa udongo kwa jina la nyumba yake. Kumbe nyumba yake ilikuwa kwenye gari inatazama tembo." Akanitazama vizuri. "Mbona unatazama nyuma yako? Amekufuata?"

Nikamweleza. Si yote. Nilimweleza vikombe, taulo, siti. Tumbo nililiruka.

Jioni, saa kumi na mbili na nusu, tulikwenda makaburini watu watatu: mimi, Benedict na Verediana. Ni mahali pa wazi, njia ya kuelekea Ujiji, na ziwa linaonekana kwa chini. Kaburi lilikuwa na kibao cha namba tu. Mvua haikuwa imenyesha wiki nzima. Udongo wa pale ulikuwa umelowa.

Mimi na Benedict tulitupa udongo. Nilisema, "Shangazi Melania, sisi ni watu wako. Utusamehe tulichelewa. Pumzika."

Upepo ukatulia. Hata ndege wakanyamaza.

"Sasa," alisema Verediana, "bibi yangu kule Kidahwe alikuwa haruhusu mtu kutoka kaburini kabla mkuu wa nyumba hajaulizwa. Na lazima ajibu kwa sauti, aliyelala asikie, ajue nani si wake tena." Akanigeukia. "Mkuu wa kaya. Mmebaki wangapi?"

Benedict alinitazama. Verediana alinitazama. Nilikuwa na wiki nane na siku mbili. Miezi mitatu ilikuwa haijapita. Nikakumbuka mwezi Machi, na sauti ya mama kwenye simu, na wale wote walionipa pole dukani...

"Tuko wawili," nilisema.

Chini, karibu sana na miguu yangu, mtu alivuta pumzi. Pumzi ya mtu anayejitwisha mzigo.

Harufu ikapotea.

Mimba haikutoka. Nawaambia mapema kwa sababu najua mlichofikiria, ndicho nilichofikiria hata mimi miezi yote iliyofuata. Dainess alizaliwa Julai 1997, kilo tatu na gramu mia moja, akiwa mzima, na sauti yake ilisikika hadi nje ya wodi. Nilifikiri yameisha.

Siku ya pili muuguzi wa zamu alipita akihesabu watoto. Alihesabu wa kitanda cha kulia, akahesabu wa kushoto. Mimi alinipa pole.

"Pole ya nini?"

Alimtazama Dainess aliyekuwa ananyonya. Alipepesa macho, kama mtu aliyeingia ndani kutoka juani. "Aa! Samahani, dada. Uchovu."

Kadi yake ya kliniki nimeiomba mara tatu. Kwenye treni ya kwenda Tabora, mkaguzi wa tiketi alitaka kukalisha mtu mwingine juu yake. Benedict ni baba mzuri. Benedict anamwona. Karibu siku zote. Lakini jioni nyingine anaandaa meza, anaweka sahani mbili, anakaa, anaanza kula, na mtoto amesimama kando ya goti lake akimvuta shati.

Jirani yetu ni mama Mwanvua, mcheshi, mpenda watu. Mwezi uliopita alikuja kuniomba chumvi. Nilikuwa barazani namsuka Dainess.

"Ninyi wasomi," alisema, akicheka, "mnatuzeesha. Miaka minne ya ndoa! Lini mtatuletea mtoto?"

Kichwa cha Dainess kilikuwa mapajani mwangu. Kitana kilikuwa nyweleni mwake.

Hakulia. Alinyanyua uso tu akaniuliza, "Mama, mimi niko wapi?"

Juzi jioni nilimpeleka ziwani, upande wa Ujiji, wanakoanika dagaa. Nilikaa juu ya jiwe nikimtazama. Sasa ana miaka mitatu. Siondoi macho kwake, kwa sababu naogopa siku ambayo hata mimi nitapepesa. Alikuwa anafinyanga vikombe vya matope pembeni mwa maji. Alifinyanga viwili. Kimoja akakiweka mbele yake. Kingine akakiweka mbele ya mchanga mtupu.

"Mko wangapi hapo?" nilimuuliza, kwa kucheza.

Alijibu bila kunitazama.

"Turi babiri."

Tuko wawili. Nyumbani kwetu hakuna anayezungumza Kirundi.

"Nani na nani, Dainess?"

Akasogea kidogo, kumpa mtu nafasi. Mchanga wa kando yake ukabonyea na kutoa maji.

Majivu. Mawese.

Hapo ndipo nilipoielewa fomu yangu. Jioni ile mezani bibi hakukosea hesabu, wala hakuwa anawataja wafu. Tulikuwa watatu kweli: yeye, mimi, na yule niliyekuwa sijamtaja kwa mtu. Alimwona kabla ya wote. Akatikisa kichwa nilipomsoma Benedict mahali pake. Alimshika njia nzima, kwenye meli, Lusaka, mbele ya tembo. Nami makaburini nikasema kwa sauti kwamba simjui. Alifanya nini, basi, ila kumchukua mtoto asiye na kaya?

Nilitaka kumnyakua mwanangu nikimbie. Lakini ningemkimbizia wapi mtu ambaye hakuna anayemhesabu?

Nikashuka kwenye jiwe. Nikapiga magoti kwenye maji. Nikachota tope, nikafinyanga kikombe cha tatu, na cha nne. Vyote vilitoka upande.

"Mimi ni mkuu wa kaya," nilisema kwa sauti. "Sia. Mume wangu Benedict. Mtoto wetu Dainess. Na shangazi Melania." Nikavigusa vikombe, kimoja kimoja. "Tuko wanne."

Ziwa lilikuwa kimya. Kisha, mbele yangu, kikombe kimoja kikajaa maji chenyewe, taratibu, kutoka chini.

Tulipofika nyumbani mama Mwanvua alikuwa kwenye kibaraza chake anapepeta mchele. Alituona. Ungo ukamponyoka.

"Yarabi! Sia! Kabinti kazuri hivi ulikaficha wapi?"

Nililia palepale njiani. Alifikiri ni furaha, akaja kumbeba Dainess. Kisha akatazama nyuma yangu, akarekebisha kanga yake, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, bibi," alisema. "Karibu. Mbona umelowa?"