Wizi wa Vipimo vya Macho

Macho ya watu elfu arobaini yaliibwa asubuhi kweupe, kati ya saa kumi na mbili na saa moja na nusu, mlinzi akiwa getini anakunywa chai.

Si macho yenyewe, ni vipimo vyake. Kiwanda kile kilisaga lenzi za miwani kwa zahanati mia na kitu. Kipimo cha kila mgonjwa, jicho la kulia na la kushoto, kilitunzwa ndani ya seva moja, kompyuta nyeusi iliyolazwa kwenye rafu ya chumba kidogo nyuma ya karakana. Sasa rafu ilikuwa tupu. Diski ya akiba, iliyowekwa ili seva ikifa vipimo visife nayo, nayo ilikuwa imekwenda.

Inspekta alimtaja Mungu kimoyomoyo, akavaa glovu, akavuka kizingiti. Alikuwa mama wa makamo, mtaratibu wa mwendo, na jicho lake halikuwa na haraka. Nyuma yake aliingia Koplo, mtu mzima mwenye mdomo usiolala.

"Afande, kesi hii imeshaiva," alisema Koplo. "Mlango huu hufunguliwa kwa kadi. Saa kumi na mbili na dakika arobaini ulifunguliwa kwa kadi ya yule dada wanayemwita Mhandisi. Baada ya hapo hakuna mwingine, na mlinzi hakumwona mgeni yeyote. Nimeshamtia pingu. Tukanywe chai."

"Chai utakunywa. Hebu tazama hizo nyaya."

Koplo akatazama. Nyaya tano zilikuwa sakafuni. Haukukatwa hata mmoja. Kila waya ulikuwa umechomolewa taratibu, ukaviringishwa, ukafungwa na kulazwa kandoni.

"Mwizi msafi," alisema Koplo.

"Mwizi gani ana nafasi ya kukunja nyaya?"

Koplo alijikuna kisogo.

Mtaalamu wa alama za vidole alikwisha kumaliza kazi yake. Rafuni alikuta alama za watu wawili, Mhandisi na fundi wa siku nyingi wa seva hiyo. Wote wawili walifanya kazi humo kila siku. Hapo hapakuwa na ushahidi.

Mkurugenzi wa kiwanda alikuwa ukumbini, anakwenda na kurudi kama mtu aliyepoteza kiatu.

"Saa tatu tulikuwa tuhamishe vipimo vyote kwenye mfumo mpya!" alifoka. "Binti huyo ndiye niliyemwajiri aongoze kazi yenyewe. Nimemwamini, kaniuza. Afunguliwe mashtaka sasa hivi!"

"Niachie mpaka saa sita. Kwanza niambie, kwa nini mnahama?"

"Hilo linahusiana nini na wizi?"

"Sijui bado. Ndiyo maana nauliza."

Mkurugenzi akashusha pumzi. "Mfumo wa zamani umetutoa roho. Unaganda. Leo uko sawa, kesho umeganda saa nne nzima, zahanati zinapiga simu, wagonjwa hawana miwani. Tena katika jengo zima anayeujua ni mtu mmoja tu. Mfumo mpya unatunza nakala mahali patatu, unapokea zahanati zote kwa mpigo, na kila anayeugusa jina lake linabaki. Hatuhami kwa kupenda mapya, mama. Tunahama kwa kuchoka."

"Huyo mtu mmoja ni nani?"

"Fundi wetu wa miaka kumi na tisa. Huku wanamwita Mganga. Mashine ikiugua, yeye ndiye anayeifufua."

Mhandisi alikuwa chumba cha kufungashia, amekaa juu ya katoni, pingu mikononi. Hakuwa akilia. Alikuwa anatazama saa ya ukutani.

"Kadi yako ilikuwa wapi?" Inspekta aliuliza.

"Mfukoni mwa koti langu jeupe."

"Na koti?"

"Kwenye msumari, karakana. Jana nilitoka nimechoka, nikalisahau."

"Saa kumi na mbili na dakika arobaini ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nilikuwa namlisha baba uji. Amepooza. Tunaishi wawili tu."

"Nani anaweza kushuhudia?"

"Baba." Sauti yake ikashuka. "Lakini hasemi. Mama, mimi kazi wanaweza kuichukua. Jirani anakaa naye mpaka saa kumi, kisha anakwenda zamu yake. Nikilala rumande leo, nani atamgeuza kitandani?"

Koplo alitazama viatu vyake. Inspekta alimgusa binti begani.

"Mfungue pingu."

"Afande, ni mtuhumiwa."

"Atakimbilia wapi? Baba yake ndiye pingu yake."

Ofisini kwake, Mganga alimpokea Inspekta kwa mikono miwili. Mvi zilikuwa zimemkaa vizuri, shati limepigwa pasi, bisibisi mfuko wa kifuani.

"Karibu, dada yangu. Uchungu nilio nao hausemeki."

"Pole, kaka."

"Miaka kumi na tisa! Huyu mtoto kaja juzi, jana kaiita ya kizamani, leo kaiiba."

"Kwa nini mnahama?"

"Waulize wao. Mashine haina kosa. Inahitaji tu mtu wa kuielewa."

"Inapenda nini?"

Uso wa mzee ukachangamka kama wa bibi aliyeulizwa habari za wajukuu. "Baridi! Joto linaiua. Na vumbi, dada, vumbi kwake ni sumu. Ukiibeba usiitikise, ibebe kama mtoto mchanga, ilaze chali, uifunike."

"Aliyeichukua atakuwa anajua hayo?"

"Vijana hawa? Ataitupa kwenye buti la gari."

Inspekta aliandika kila neno, akashukuru, akatoka.

Karakanani magurudumu ya kusagia yalikuwa kimya. Msagaji mkuu, mama mnene mwenye miwani ya kamba shingoni, aliitwa Mama Lenzi. Alimsogezea Inspekta kiti.

"Kaa, mwenzangu. Leo hatuna kazi, mashine imeibwa. Zamani tulikaa hivi kwa sababu imeganda."

"Iliganda mara nyingi?"

"Sabini na moja kwa miaka mitatu." Akavuta droo, akatoa daftari lenye jalada la gazeti. "Vipimo visipofika kwangu, nasimamisha magurudumu. Wakubwa wakaanza kuuliza kwa nini lenzi hazitoki. Nikasema, hapa nitageuzwa mvivu bure. Ndipo nikawa naandika siku, saa iliyoganda, na saa Mganga alipoifufua."

"Akishaifufua?"

"Hee! Karakana nzima makofi! Anapita hapa katikati kama bwana harusi."

Inspekta alifungua daftari, akamtuma Koplo kwa karani wa utumishi alete kumbukumbu za likizo. Walizilaza pamoja juu ya meza, kidole cha Inspekta kikashuka mstari kwa mstari. Likizo ya Mganga, mwezi mzima kila mwaka: hakuna kuganda. Wiki tano alipovunjika mguu: hakuna. Siku nne za msiba wa kaka yake: hakuna.

"Mama, siku hizi labda hukuandika?"

"Mimi? Tazama hapo, niliandika hata umeme ulipokatika!"

Inspekta akafunga daftari taratibu. "Kwa hiyo mashine hii haijawahi kuugua hata siku moja mganga wake akiwa hayupo."

Koplo alipiga mluzi. "Afande! Mganga akisafiri, mgonjwa anapata nafuu!"

"Mama Lenzi, katika kiwanda hiki, ni wapi penye baridi, na vumbi halifiki kabisa?"

"Chumba cha utando. Humo tunapaka lenzi utando wa kuzuia mng'ao. Huingii bila viatu vya kitambaa. Ila kimefungwa tangu juzi, mtambo unasubiri kipuri."

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi. Na Mganga, maana yeye ndiye anayekagua kiyoyozi."

Inspekta akamgeukia Koplo. "Mlipekua chumba hicho?"

"Tulipekua stoo, mapipa, magari, hata paa. Pale palikuwa na tangazo, 'Usiingie na vumbi'."

"Mkalitii?"

"Mama yangu alinilea vizuri, afande."

Walivaa viatu vya kitambaa wakaingia. Nyuma ya mtambo, juu ya blanketi lililokunjwa mara mbili, seva ilikuwa imelazwa chali, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufutia lenzi. Diski ya akiba ilikuwa ubavuni pake. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

"Kielelezo namba moja," alisema Inspekta. "Aliyeiweka hapa anaipenda."

Ilikuwa saa tano na robo Mganga alipoketishwa ofisini kwa Mkurugenzi. Inspekta alimweleza haki yake ya kukaa kimya. Kisha akaweka mezani daftari, na juu yake kile kitambaa cheupe.

"Ulisema inapenda baridi," Inspekta alianza.

Mganga akakinyoosha kile kitambaa kwa kidole.

"Uliikuta wapi kadi ya Mhandisi?"

"Kotini mwake. Ilikuwa inaning'inia tu."

"Kwa nini hukutumia yako?"

"Jina langu lingeonekana."

"Mlinzi hakukuona?"

"Alishazoea kuniona alfajiri, kwake mimi si mgeni. Nilimwambia nakwenda kuiaga mashine yangu."

"Mara sabini na moja iliganda. Nani aliigandisha?"

Mganga alifunika uso. Maneno yakatoka kati ya vidole.

"Mara ya kwanza iliganda yenyewe, haki ya Mungu. Nikaifungua kwa dakika kumi. Wakanipigia makofi, Mkurugenzi akanishika mkono mbele ya watu wote. Mimi sijawahi kupigiwa makofi maisha yangu yote. Baada ya mwezi, kimya. Mtu ananipita kama kabati. Basi nikaandika amri fupi, ikafunga vipimo, nikangoja waje kuniita. Wakaja wanakimbia."

"Ukaendelea."

"Nikaendelea."

Mkurugenzi alisimama, mdomo wazi. "Wewe? Miaka yote hiyo? Wagonjwa wanasubiri?"

"Kwenye mfumo mpya," Inspekta alisema, "kila anayeugusa jina lake linabaki. Na vipimo vikihamishwa, Mhandisi angeiona amri yako imejificha humo ndani. Ndiyo?"

Mganga akaitikia kwa kichwa.

"Na binti wa watu ulitaka afungwe?"

"Nilidhani watamfukuza tu! Wangemfukuza, wangeahirisha kuhama, mimi ningejitokeza nimeiona mashine, ningekuwa..." Akashindwa kumalizia.

"Ungepigiwa makofi," alimmalizia Inspekta. "Kaka, umejing'oa kwa mikono yako. Hawa hawakuikimbia mashine. Mashine ilikuwa nzima. Walikuwa wanakukimbia wewe, na wao wenyewe hawajui."

Mganga alisaini maelezo yake. Kabla ya kutoka aliomba kalamu tena, akaandika neno la siri la kuifungulia seva. "Mpeni yule binti," alisema. "Mwambieni safu ya tatu ni jicho la kushoto. Niliiandika kinyume, hakuna mwingine anayejua."

Saa sita kasorobo Mkurugenzi aliingia chumba cha kufungashia mwenyewe. Mbele ya wafanyakazi wake wote alimwomba Mhandisi msamaha, sauti juu, hata waliokuwa mlangoni wakasikia. Binti hakupoteza muda kujibu marefu.

"Nimekusamehe, baba. Seva iko wapi?"

Alikaa kwenye kiti, akakunja mikono ya shati. Alianza kwa kuing'oa ile amri fupi. Akaigeuza safu ya tatu. Kisha vipimo vikaanza kuhama, elfu kwa elfu, Mama Lenzi amesimama nyuma yake anasoma tarakimu kwa sauti kama anayehesabu vifaranga. Saa tisa na dakika ishirini zahanati ya kwanza ikatuma kipimo kwa njia mpya. Ya pili ikatuma papo hapo, na ya tatu, na ya kumi, zote kwa mpigo. Hakuna kilichoganda. Magurudumu yakaunguruma, lenzi ya kwanza ikatoka inang'aa.

Karakana ikalipuka kwa makofi. Watu walipiga meza, Mama Lenzi akapiga vigelegele mpaka miwani ikamwanguka kifuani, Mkurugenzi akarusha mikono juu kama mtoto. Inspekta naye, pale mlangoni, alimshukuru Mungu wake kwa midomo tu.

Mhandisi alikwisha simama, mkoba begani, anapenya katikati yao huku anacheka na kufuta machozi.

"Nipisheni jamani, makofi kesho! Saa kumi inafika, baba ananingoja."

"Koplo," Inspekta aliita, "washa gari. Na king'ora piga."