Daimu Iliyorudishwa

Kilichoibwa kilikuwa sarafu moja tu. Ilikuwa ya fedha, ya senti kumi za Kimarekani, ambayo wenyewe huiita daimu, na ilitoweka ndani ya Biblia ya Mzee Gadiel, chumbani kwake mtaa wa Point, Durban.

"Mlango umevunjwa?" aliuliza Inspekta Gumede.

"Haujaguswa, mwanangu."

Gumede alikuwa Mzulu aliyekulia Morogoro, uhamishoni na wazazi wake. Tangu arudi nyumbani, mwaka wa nne sasa, Kiswahili alikizungumza na watuhumiwa tu. Ndiyo maana kesi hii, ambayo wenzake kituoni waliicheka mpaka wakashika mbavu, yeye aliing'ang'ania. Alikuwa mpweke, na hapa aliitwa mwanangu.

"Nani mwingine ana ufunguo?"

"Yvette, jirani. Mtoto wa Bukavu, anatengeneza kucha saluni hapo chini. Kila Jumapili ananipikia. Huyo usimsumbue."

"Sarafu ina thamani gani?"

"Three thousand rand."

Gumede alipiga mluzi. Mzee, baharia mstaafu, aliipata kama chenji bandarini Baltimore mwaka 1957, akaitunza kwa kupenda sura ya mwanamke mwenye kofia ya mabawa iliyochorwa juu yake. Mwezi uliopita tu Moonsamy, muuza sarafu wa Umbilo, ndiye aliyemfumbua macho: ya mwaka 1916, yenye herufi D mgongoni, ni adimu. Mzee akaamua kuiuza na kurudi Tanga kwa dada yake Coletha, mgonjwa, ndugu pekee aliyebaki.

"Yvette ulimwonyesha hiyo herufi?"

"Nilimwonyesha. Nilijisifu kidogo."

Gumede akawaonya wauza sarafu wote wa mjini. Hakuna aliyeletewa. Siku ya nne mzee akapiga simu, anacheka kwa furaha: daimu imerudi ndani ya Biblia!

Waliongozana hadi Umbilo. Moonsamy akaweka lenzi jichoni, kisha akasema herufi imesagwa. Sasa ni kipande cha fedha tu, hakifiki rand tano. Mzee aliketi kwenye kiti cha wateja.

Mwizi gani huyu anayeiba, anaharibu, halafu anarudisha? Gumede aliomba lenzi. Akaona mikwaruzo myembamba, ya tupa laini, na pembeni yake chembe nyekundu. Ilikuwa rangi ya kucha. Alitamani asingeiona.

Mchana huohuo walikuwa watatu chumbani kwa mzee.

"Yvette, tupa yako ya kucha unayo?"

Msichana aliangalia mkoba wake, hakuufungua. "Ni mimi."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna mutu."

"Ulipata nini?"

"Hakuna kitu."

"Basi kwa nini?"

"Papa huyu alikuwa anaenda. Bukavu vita ilimaliza ndugu yangu bote. Hapa niko na yeye tu." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Nilibeba ile sarafu niitupe mu maji, nikashindwa, sababu iko ya ujana yake. Nikasema ibakie, lakini isiuzike."

"Si ungeniambia tu nisiende?" mzee aliuliza.

"Ningekukataza namna gani, Papa? Ni dada yako."

Mzee aliinuka kwa shida, akavuta bahasha chini ya godoro.

"Nauli yangu ninayo tangu mwaka juzi. Ile sarafu ilikuwa nauli yako wewe, na ya kuanzia maisha kule. Sikutaka kukuahidi kitu kabla sijakishika mkononi."

Yvette akaketi sakafuni. Gumede aliuliza kama afungue jalada la kesi.

"La nini? Basi langu ni Jumamosi. Coletha hawezi kunisubiri nianze kukusanya upya."

Yvette akamshika miguu. Mzee alimwacha aishike, akampapasa kichwa, lakini siku ya safari hakuibadilisha.