Diwani Alisema Nini?

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Pini alifagia kibanda cha ushonaji, akaokota sindano zilizodondoka kwa kipande cha sumaku, kisha akatia mafuta kwenye cherehani ya mjomba wake. Jina la Pini alipewa humo humo kibandani, kwa sababu alikuwa mwembamba na maneno yake yalichoma. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kwenye midahalo ya shule hakuna aliyewahi kumshinda.

Kibanda kilikuwa cha mama yake. Kwa miaka mingi alishona sare za nusu ya wanafunzi wa mtaa ule, mpaka majirani walipomchagua kuwa diwani. Walimchagua kwa sababu alikuwa mchapakazi na hakupenda uongo, si kwa ufasaha. Akisimama mbele za watu maneno yalimjia yote kwa pamoja, yakasukumana kama watoto kengele ya mwisho inapolia.

Jumamosi yalisukumana hasa. Mkutano ulihusu visima viwili vya mtaa, cha sokoni na cha zahanati. Watu wa afya walikuwa wamepima maji, wakakuta vijidudu vya kipindupindu katika kisima cha sokoni. Diwani alitakiwa kuwatangazia wananchi, na kuwaahidi kwamba maji safi yatafika kila nyumba. Alikishika kipaza sauti kama mtu aliyeshika kuku asiyetaka kushikwa, akavuta pumzi, akasema kwa sauti kubwa:

"Nawaahidi! Kabla mwaka haujaisha, kipindupindu kitafika kila nyumba!"

Watu wakapiga makofi kwa mazoea. Halafu kikalipuka kicheko ambacho hakikuisha mpaka mkutano ulipofungwa. Pini hakuusubiri mwisho. Alikimbia nyumbani, amejifunika uso kwa mtandio.

Jumatatu, video ilikuwa imefika shuleni kabla yake. Redio, kijana wa darasa lake aliyeweza kuiga sauti ya mtu yeyote, alikuwa amepanda juu ya dawati. "Nawaahidi!" alinguruma. "Kipindupindu kitafika kila nyumba! Na kuhara mtapewa bure!"

Darasa zima likavunjika mbavu. Pini alisimama, macho yake makavu.

"Ile video ni ya kutengeneza," alisema. "Wameyakatakata maneno ya mama kwa kompyuta. Wabaya wake wamefanya hivyo."

"Bibi yangu alikuwepo," Redio akajibu. "Alimsikia kwa masikio yake."

"Bibi yako hasikii vizuri. Kesho nitaleta video nzima, mtaona nyote mlivyodanganywa."

Alijua anadanganya. Lakini alisema bila kupepesa macho, na wenzake wachache wakaanza kumwamini. Pini akajiambia kwamba anamtetea mama yake, na anayemtetea mama yake hana kosa.

Jioni alimwomba mjomba simu, akaitazama video yote. Alikuwa akitafuta mahali popote pa kusema, "Hapa wamekata." Aliisikiliza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara ya nne akaiweka simu sikioni, akasikia kitu chini ya kile kicheko. Sauti ya mama ilikuwa ikiendelea, kwa haraka, kama mtu anayetaka kumaliza akimbie:

"Kisima cha zahanati kina vijidudu, msichote huko. Choteni cha sokoni. Hicho ni salama."

Pini alimpelekea mjomba simu mbio. "Mjomba, hebu sikiliza hapa."

Mjomba aliondoa mguu kwenye cherehani, akasikiliza. "Lahaula! Dada amevigeuza visima! Na fundi wa kulifunga bomba la sokoni haji mpaka Jumatano. Kimbia ukamwambie mama yako, mwanangu. Kimbia!"

Njia ya kwenda ofisi ya diwani ilipita sokoni. Pini alikuta foleni ya ndoo imezunguka kisima mpaka kwenye meza za nyanya. Karibu na bomba alikuwepo Redio akipampu, na bibi yake akishikilia dumu.

"Shikamoo, bibi. Msichote hapa!" Pini alipiga kelele. "Maji haya ndiyo mabaya! Mama aligeuza maneno, yamo kwenye video!"

Redio hakuacha kupampu. "Video gani? Si ulituambia ni ya kutengeneza?"

"Marahaba," bibi alisema taratibu. "Ndiye wewe uliyesema mimi sisikii? Basi nilisikia vizuri sana. Diwani alisema tuchote sokoni."

Watu wakacheka. Mwanamke mmoja akamwambia aondoke asiwapotezee muda, na foleni ikasogea ndoo moja mbele. Pini alitazama maji yakiingia ndani ya dumu. Alikuwa anasema kweli tupu, na hakuna hata mmoja aliyemwamini. Midahalo yote aliyoshinda haikumsaidia kitu.

"Nilidanganya!" alisema, na safari hii sauti yake ilitetemeka. "Redio, video ni ya kweli. Mama alisema yale yote, na mimi nikadanganya kwa sababu niliona aibu. Bibi, unisamehe, masikio yako ni mazima. Lakini maji haya yana kipindupindu. Nitukaneni mtakavyo, ila msiyanywe."

Redio aliachia mpini wa bomba. Akaliinamisha dumu, maji yakamwagika.

"Nenda kamlete mama yako," alisema. "Mimi nitawazuia."

Ofisini, Pini alieleza kwa sentensi mbili. Mama aliweka mkono mdomoni. Karani wake ndiye aliyeharakisha kusema. "Mheshimiwa, ukitoka leo watakucheka mara ya pili. Tubandike tangazo kimya kimya. Na wakiuliza, tuseme video ilichezewa."

"Hilo nimeshalisema mimi shuleni," Pini alisema, akiangalia sakafu. "Ndiyo maana sasa hivi niliposema kweli hakuna aliyenisikiliza."

Mama alimtazama bintiye, kisha karani, akainuka. "Lete kipaza sauti."

"Lakini, Mheshimiwa..."

"Nimesema lete. Wacheke mpaka meno yawatoke. Mimi nakwenda."

Njiani Pini alitembea naye bega kwa bega. "Mama, usikimbilie. Sentensi moja, pumzi moja. Ukimaliza, rudia."

"Umeanza lini kunifundisha kusema?"

"Leo."

Kisimani palikuwa na umati. Redio alikuwa amekaa juu ya mpini wa bomba na hakubanduka. Diwani alipotokea, mtu mmoja akapaza sauti, "Mheshimiwa, kipindupindu chetu umekileta?" Kicheko kikazuka kama cha Jumamosi.

Diwani alipanda juu ya kreti la soda. "Chekeni," alisema. "Nina muda. Lakini hakuna ndoo itakayoondoka hapa."

Akangoja. Kicheko kikapungua, kikakosa nguvu, kikaisha.

"Jumamosi nilikosea." Akavuta pumzi. "Kisima hiki, cha sokoni, ndicho kibovu." Pumzi. "Cha zahanati ndicho salama." Pumzi. "Aliyechota hapa tangu Jumamosi, amwage. Anayeharisha aende zahanati sasa hivi. Kosa ni langu. Nirudie?"

"Rudia!" mtu akaitikia. Akarudia mara tatu, na bibi yake Redio akawa wa kwanza kuosha dumu lake.

Watu sita waliugua wiki ile, mmoja wao mdogo wake Redio. Wote walitibiwa mapema, wakapona.

Siku kumi baadaye, mwalimu wa darasa alimwalika diwani aje kuzungumza na wanafunzi. Redio alikuwa wa kwanza kuuliza. "Mheshimiwa, kiongozi asiyejua kusema ana faida gani?"

Mwalimu alitaka kumkemea, lakini mama yake Pini alimzuia kwa mkono.

"Mwache, ameuliza vizuri. Nilikuwa nadhani kazi yangu ni visima tu, na maneno ni pambo. Watu sita wameugua kwa sababu niliweka neno moja pasipo pake. Kwa hiyo kusema ni kazi, nami najifunza kila jioni. Mwalimu wangu yule pale nyuma." Pini akainama. "Lakini wapo mabingwa wa kusema ambao ulimi wao haujawahi kuteleza, na hawajawahi pia kusema 'nilikosea.' Hao waogopeni kuliko mnavyonicheka mimi. Ulimi ukiteleza, ni kosa. Kulificha kosa ni uongo, na uongo unakunyang'anya sauti siku unayoihitaji. Na wazazi wenu pia, mkutanoni walikuwa zaidi ya mia mbili. Hakuna aliyeniuliza. Walikuwa wanacheka. Nitakosea tena, Redio. Siku hiyo cheka, nimekuruhusu. Kisha nyosha mkono uniulize."

Akakusanya karatasi zake, akawatazama kwa furaha. "Haya, asanteni sana, watoto. Shikamooni!"

"Marahabaaa!" darasa zima likaitikia, likaangua kicheko, na mama yake Pini akacheka kuliko wote. Redio naye alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha, akijifuta macho, akanyosha mkono.