Sentimita Tatu Katika Pipa la Nne

Saa moja na robo asubuhi, theluji ikiwa imefika madirishani, ilionekana kwamba pombe ya pipa la nne imeibwa.

Aliyepima ni Iwakichi, msaidizi wa fundi mkuu wa kiwanda cha pombe. Hapo kiwandani hawapimi kina cha pombe, hupima utupu ulio juu yake. Ufito wa mwanzi hushushwa kutoka ukingoni mpaka ncha iguse pombe, kisha vijino vilivyochongwa juu yake, kimoja kwa kila sentimita, husomwa pale unapokutana na ukingo. Jana utupu ulikuwa sentimita ishirini. Leo ulisoma ishirini na tatu.

"Lita mia na ushee zimepotea," alisema Iwakichi. Alikuwa amevaa glavu, yeye aliyezoea kuwacheka wavaa glavu.

Bi. Toyoko, mwenye kiwanda, alimgeukia fundi mkuu, mzee Kuramochi. "Ufunguo wa ghala unao wewe peke yako. Saa sita nataka maelezo. Ukiwa huna, mzee wangu, funga mzigo wako."

Mzee aliinamisha kichwa.

Shizuno, muosha chupa, alikuwa kando na brashi yake. Shule aliacha mapema, na wote walisema huyo ni wa chupa tu. Ni mzee huyu aliyemfundisha kupima, tena bila kumcheka.

Saa mbili Shizuno alimfuata Genpei, mchukuzi wa mizigo.

"Jana jioni farasi wako alisimama mlangoni muda mrefu, kaka."

"Aligoma kuondoka! Lita mia ningezificha wapi, dada, tumboni? Si ningekuwa bado naimba!"

Shizuno aliangalia alama za sleji yake, gari la kuteleza lisilo na magurudumu, kwenye theluji. Zilikuwa nyepesi, za sleji tupu.

Saa nne aliutwaa ufito ukumbini, ulikotundikwa wazi kwa kila mtu, akaanzia pale alipofundishiwa: birika la maji ya kuoshea. Birika lile lina tundu ubavuni. Likijaa, maji ya ziada hutoka hapo, na utupu wake ni kumi siku zote. Lilikuwa limejaa, maji yakitiririka tunduni.

Alipima. Kumi na tatu.

Akapima tena. Kumi na tatu.

Aliyatazama maji yakitoka tunduni. Kisha akainusa ncha ya ufito, akatabasamu.

Saa sita kamili wote walikuwa ghalani, mzigo wa mzee miguuni pake.

"Bi. Toyoko," alisema Shizuno, "mwizi huyu kaiba na maji ya birika. Sentimita tatu vilevile."

"Muosha chupa naye kawa polisi!" alicheka Iwakichi.

"Basi nihesabie, kaka Iwakichi. Toka nchani mpaka kwenye namba kumi, vijino vingapi?"

Iwakichi alificha mikono nyuma. Bi. Toyoko akaushika ufito, akahesabu kwa kidole. "Sita... saba. Saba tu! Vitatu viko wapi?"

"Vimekatwa. Ncha ikifupishwa, utupu unasomeka mkubwa. Pombe yote imo pipani. Mwanzi ukikatwa upya huwa mweupe, kwa hiyo mkataji kaupaka dawa ya kahawia ya matunda machungu, ile tunayopaka mifuko ya kukamulia pombe. Inanuka bado. Mifuko tunaipaka kiangazi, si majira haya ya theluji, na rangi yake haitoki mkononi wiki nzima. Vua glavu, kaka."

Hakuvua. Genpei alimvulia. Vidole vilikuwa vya kahawia mpaka kuchani.

"Miaka kumi na minne mimi msaidizi!" Iwakichi alifoka. "Huyu mzee hafi, hastaafu! Nilitaka aondoke tu, nishike nafasi yake. Sikuiba hata tone!"

"Uliiba jina lake," alisema Bi. Toyoko. "Toka."

Kisha akamwinamia mzee Kuramochi mpaka kiunoni, mbele ya wote.

Mzee alichukua ufito mpya kutoka stoo, akampa Shizuno. "Panda wewe, binti."

Shizuno alipanda ngazi, akaushusha taratibu, ncha ikaibusu pombe.

"Ishirini!" alipaza sauti, na ghala zima likalipuka kwa vifijo.