Kibuyu Nilichofungua Ishiara

"Glasi ya tatu tunakunywa na nini?" mgeni mmoja mwenye kofia pana aliniuliza.

"Na ndengu za kupondwa," nilijibu nikitabasamu kwa meno tu. "Ya kwanza ilikuwa tamu, ikaenda na nyama ya mbuzi yenye chumvi. Ya pili ilikuwa kavu, ikaenda na viazi vitamu. Hii imekaa sana, inauma ulimi, kwa hivyo inataka kitu laini."

Maneno hayo nayajua hata nikiwa usingizini. Mimi ni Ntinyari wa Meru, na kwa miaka minne kazi yangu imekuwa kuwateremsha watu kutoka milimani hadi Ishiara kuonja mvinyo wa asali, ambao Wambeere, wenyeji wa huko, wameutengeneza tangu enzi za babu za babu zao. Vituo vitatu, glasi ndogo, visahani vidogo. Kituo cha mwisho huwa ni hapa, kwa Kithaka.

Kithaka ndiye mwanamume niliyempenda kwa miaka miwili. Na kwa siku tatu simu yake ilikuwa imezimwa.

Ujumbe wake mmoja tu uliingia, jana jioni:

"Leta wageni kama kawaida. Sitakuwepo, tata Teresia atawahudumia. Tafadhali usinipigie."

Usinipigie! Mimi? Sikulala vizuri. Na kana kwamba hilo halikutosha, asubuhi rafiki yangu Joyline, anayeuza nguo sokoni Ishiara, akaniandikia:

"Nimeona mtu wako hapa na msichana. Wananunua blanketi na shuka za wazee. Kuna posa mahali. Pole mrembo."

Nilisoma ujumbe huo mara nane kabla ya kufika. Sasa nilikuwa nimesimama uani kwake, nikiwaeleza watu wa Nairobi habari za ndengu.

Tata Teresia, shangazi yake Kithaka, alipita na sinia. Nikamfuata.

"Tata, Kithaka ameenda wapi?"

"Ako na shughuli."

"Shughuli gani?"

"Aii, mtoto wa watu! Angalia wageni wako, mimi niende nigeuze nyama." Akacheka kidogo, akanikwepa macho, akapotea nyuma ya nyumba.

Kicheko hicho kilinimaliza. Hata tata anajua! Kila mtu anajua isipokuwa mimi!

Niliingia stoo kuchukua chupa nyingine. Hapo ndipo nilipokiona.

Kibuyu kikubwa, kimesuguliwa mpaka kinang'aa, kimewekwa juu ya blanketi jipya. Mdomo wake ulikuwa umezibwa kwa majani mabichi ya mgomba na kufungwa kamba.

Sikuhitaji kuambiwa ni nini. Mimi ndiye huwaeleza wageni kila wiki: pombe ya posa hufungwa nyumbani kwa mwanamume, na hufunguliwa mbele ya wazee wa msichana tu. Msichana huitwa, akaulizwa, "Tunywe?" Akikubali, anaonja yeye kwanza, ndipo wazee wanafuata. Ikifunguliwa kabla ya hapo imeharibika, na safari ya posa imekwisha.

Nilivuta kamba.

"Ntinyari dada." Alikuwa Younis, dereva wetu kutoka Majengo, amesimama mlangoni. "Hiyo si ya wageni."

"Umejuaje na wewe hata hunywi?"

"Sinywi, lakini kitu kimefungwa, kimefungwa. Wallahi, wacha."

"Nimeshafungua, Younis."

Alitikisa kichwa, akatoka.

Nilijaza jagi. Nikawamiminia wageni wote sita, na mwisho nikajimiminia mimi. Ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuonja kwa Kithaka. Asali yake ilikuwa bado inanukia maua, na nilijua kabisa alikuwa ameitengeneza kwa moyo wake wote. Hilo liliniuma zaidi, nikamaliza glasi kwa mkupuo.

"Hii ndiyo kiboko!" alisema mwenye kofia. "Mbona haiko kwa orodha?"

"Ni ya leo tu," nikajibu.

Nilimfikiria msichana huyo nisiyemjua, amesukwa nywele, anangoja kwao. Nikajiambia angoje tu. Halafu nikaona aibu. Kisha nikakasirika tena. Nilitaka tuondoke haraka, lakini wageni walikuwa wanaomba kuongezewa.

Gari likaingia uani.

Kithaka alishuka akiwa amevaa koti. Nyuma yake alishuka mjomba wake, Mzee Gitari, na mwanamke kijana aliyebeba shuka. Nilimtazama mwanamke yule vizuri, nikaanza kuogopa. Pua yake ilikuwa ya Kithaka. Macho pia.

"Bado uko hapa?" Kithaka alishtuka. "Si huwa mnaondoka saa sita?"

"Tumechelewa. Huyu ni nani?"

"Dada yangu wa Embu, amekuja kunisaidia..." Alikuwa ameona jagi. Akaona jani la mgomba limelala kizingitini mwa stoo.

"Nani amefungua?"

Tata Teresia alikuja mbio, akaona, akashika kichwa.

"Uuu! Ni hawa wageni! Watu wa Nairobi hawana adabu!"

"Sisi tumeletewa tu," mwenye kofia alisema, akiweka glasi chini polepole.

Younis aliangalia viatu vyake. "Mimi sikuona kitu."

Ningeweza kunyamaza. Wote walikuwa tayari kunibebea lawama.

"Ni mimi," nikasema.

Kithaka alinitazama kana kwamba nimemtukana.

"Wewe? Na unajua ni ya nini?"

"Najua."

"Basi kwa nini?"

"Kwa sababu nilidhani unaoa mwingine! Simu umezima siku tatu! Unaniambia nisikupigie! Unanunua blanketi sokoni na msichana! Ningedhani nini, Kithaka?"

"Ungedhani ni yako."

Niligeuka kukitazama kibuyu.

"Saa kumi tunangojewa Meru," alisema. "Kwa Mzee Muthamia."

"Baba yangu?"

"Ako Muthamia mwingine? Nilimwendea mwezi jana. Akasema ni sawa, lakini nisiongee na wewe mpaka siku yenyewe. Ati anataka uulizwe ukiwa hujafunzwa jibu. Nikivunja hilo, nisikanyage kwake. Ndiyo nikazima simu, maana nikisikia sauti yako ningesema tu."

Ndiyo maana asubuhi Baba alinipigia akaniambia, "Saa kumi uwe nyumbani bila kukosa." Nilidhani anataka kuwekewa dawa ya macho!

"Kithaka, sikujua..."

"Hiyo naelewa. Lakini ingekuwa ya msichana mwingine kweli, ungemharibia siku yake? Mtu hajakukosea kitu?"

Nililia tu, na wageni wakaangalia pembeni.

Mzee Gitari alipiga fimbo chini. "Iliyofunguliwa haipelekwi. Ingine inataka siku kumi kuiva. Tumpigie mzee tumwambie hatuji."

"Wacha nimpigie mimi," nikasema. "Ni mimi nimeharibu."

Baba alipokea mara moja. Nyuma yake nilisikia sauti za wajomba zangu.

"Mwari, binti yangu, uko wapi?"

"Niko Ishiara, Baba. Kwa Kithaka. Nimefungua kibuyu."

"Kibuyu gani?"

"Kile kilichokuwa kinaletwa kwenu. Nimewapa wageni. Na mimi nimekunywa."

Nilimsikia akiwaambia wajomba wanyamaze.

"Nani alikutuma?"

"Wivu, Baba. Nilidhani ni cha msichana mwingine."

"Wewe ni mtu wa aina gani, Ntinyari?" Hakupaza sauti, na hilo lilinitisha zaidi. "Wazee wako hapa tangu saa nne. Sasa sikia. Hao watu wasirudi kwao. Waje mikono mitupu. Na wewe njoo na kondoo dume. Hiyo faini ni yako, si yao. Ukikosa kondoo, hakuna mazungumzo hapa, leo wala siku ingine."

Akakata.

Ishiara haikosi mifugo siku ya soko. Nilipata dume mweupe, nikambeba mwenyewe mpaka garini nguo zikajaa manyoya. Younis alimfunga nyuma, katikati ya mabegi ya wageni. Hakuna mgeni aliyelalamika, na yule wa kofia hata alimshikilia kwenye kona.

Kithaka aliketi nasi, kiti cha nyuma kabisa, mjomba na dada yake wakatufuata kwa gari lao. Tulipanda kutoka joto la Ishiara hadi baridi ya Meru. Mara mbili niligeuka. Mara mbili alikuwa anaangalia nje.

"Bado unanitaka?" nilimwuliza hatimaye.

"Usiniulize sasa."

Basi nikajua nimempoteza.

Nyumbani wazee saba walikuwa wameketi kwenye nyasi. Nilimvuta yule kondoo mwenyewe mpaka mbele yao, nikaeleza yote bila kupunguza. Mjomba mmoja alisonya. Mwingine alicheka, akakohoa kukificha kicheko. Baba hakucheka.

"Kithaka," akaita. "Kwa desturi msichana ndiye huulizwa. Leo huyu ameshakunywa bila kuulizwa, kwa hivyo nauliza wewe. Umeona akikasirika hufanya nini. Wewe hujatukosea, na ukiamua kurudi kwenu hakuna mtu hapa atakulaumu. Bado unamtaka?"

Kithaka alisimama. Mimi sikuweza kumtazama. Nilishika kamba ya kondoo mpaka viganja vikaniuma.

"Mzee," akasema, "niko na hasira na yeye. Hata kesho nitakuwa nayo. Lakini nilipouliza nani amefungua, wote tulikuwa tayari kuamini ni wageni. Alisema ni yeye. Mtu kama huyo naweza kuishi na yeye. Namtaka."

Machozi yalinitoka kabla hajaketi.

"Na wewe mwari?" Baba akanigeukia.

"Mimi nilishakunywa, Baba."

"Hiyo ulikunywa ukidhani ni ya mwingine. Nakuuliza hii yako. Wakileta ingine baada ya siku kumi, tunywe?"

Nilimtazama Kithaka. Naye alikuwa ananitazama, na niliona kwamba hata sasa, baada ya yote, alikuwa anaogopa jibu langu.

"Tunywe," nikasema, na Kithaka akafunika uso kwa mikono miwili, akalia mbele ya wazee wote.