Nyangi Ajifunza Yoga Polepole

Pale Kehancha, ukitaja jembe lazima umtaje Nyangi. Katika kikundi chao cha kulimiana, yeye ndiye aliyekuwa akimaliza mstari wake kabla ya wengine wote, kisha akiwageukia wenzake na kuwatania. Lakini mwaka huu mgongo ulimgomea. Akiinama kupalilia mahindi, kuinuka ni shida.

Nyangi aliogopa. Sheria ya kikundi ilijulikana: asiyelima kwa wenzake, kwake hakuna atakayelima. Zamu ya shamba lake ilikuwa imebaki miezi miwili.

Alienda zahanati akapimwa. Aliambiwa mifupa ni mizima, ila misuli imekaza kwa kuinama miaka mingi. Akashauriwa afanye mazoezi ya kunyoosha mwili. Jirani yake Liz, aliyesomea mazoezi ya viungo, alikuwa akifundisha yoga kila asubuhi uani kwake, akamkaribisha. Maroa, mume wa Nyangi, mwendesha boda boda, alicheka mpaka akashika mbavu. Mtu wa jembe atafundishwa kuinama?

Siku ya kwanza Nyangi alienda kama anayeenda kulima. Wenzake waliinama taratibu. Yeye aliinama upesi, akashika vidole vya miguu, pumzi ameibana, huku akichungulia aone nani amebaki nyuma. Kesho yake alishindwa kutoka kitandani mpaka Maroa alipomshika mkono.

"Hii yoga yako imenimaliza," alimwambia Liz.

"Hiyo haikuwa yoga, mama. Zilikuwa mbio," Liz akajibu. "Ukisikia mwili unavutika, hapo panatosha. Ukisikia uchungu, rudi. Na ukiona huwezi kupumua vizuri, jua umezidisha."

"Na wengine wakiniacha nyuma?"

"Wacha wakuache."

Maneno hayo yalimuuma kuliko mgongo. Hata hivyo, alipumzika mpaka uchungu ukapungua, kisha akarudi. Alipiga magoti mkekani, viganja chini. Akivuta pumzi, alishusha tumbo na kuinua kichwa. Akiitoa, alikunja mgongo juu kama paka. Alirudia mara tano, polepole. Dakika kumi tu, lakini kila siku.

Wiki ya tatu alivaa viatu mwenyewe bila kuguna. Wiki ya tano alirudi kikundini na jembe lake. Kila alipofika katikati ya mstari, alisimama, akajinyoosha, akapumua, kisha akaendelea.

Zamu yake ilipofika, kikundi kizima kilikuja. Mahindi yote yalipaliliwa kabla ya jua kuwa kali. Nyangi alimaliza mstari wake akiwa wa nne, na wenzake wakapata la kusema.

"Semeni tu," aliwajibu kwa furaha. "Nimemaliza, na nimesimama wima."

Asubuhi iliyofuata alitoka nje kujinyoosha, akakuta mkeka wake una mtu. Maroa, ambaye kiti cha pikipiki kilikuwa kimemchosha mgongo kimyakimya, alikuwa amepiga magoti. Alikuwa amekaza shingo na kubana pumzi.

Nyangi hakumcheka. Alimwekea mkono mgongoni.

"Pumua, baba," akamwambia. "Hakuna anayekukimbiza."