Mmoja wa Huku, Mmoja wa Kule

Gari lilikuwa limeshatoka getini na kupita kona ya kwanza, na bado haijajulikana kama mlango wa nyumba umefungwa. Mke alisema ameufunga. Halafu akasema anadhani ameufunga. Mumewe, fundi wa vioo vya madirisha ambaye wenzake kazini humwita Bampa, akasema mwizi akiingia atakuta vyombo vya jana havijaoshwa, basi avioshe. Kwenye kiti cha nyuma mama mkwe akacheka chini kwa chini, uso ameuinamisha juu ya mto, kama daktari alivyoagiza.

Ilikuwa asubuhi tulivu, ndugu zangu. Saa kumi na mbili na nusu, barabara tupu, redio ikisema polepole. Mwenye haraka asubuhi ile alikuwa saa ya ukutani iliyobaki nyumbani, wala hakuna aliyeisikia.

Mama mkwe alikuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini, na sifa yake ilikuwa zipu. Zipu za sketi, za mabegi, za suruali za wanaume walionenepa bila kukubali. Jicho lake la kulia lilikufa zamani. La kushoto, lililobaki, pazia lake la ndani lilikuwa limeanza kubanduka siku tatu zilizopita. Bingwa wa kulirudisha hupita hospitali ile siku moja kwa mwezi, na siku yenyewe ndiyo hiyo. Saa mbili mgonjwa awe mlangoni. Ikifika saa mbili na nusu, nafasi anapewa mwingine, na jicho la namna hiyo halisubiri mwezi ujao. Tena asitikiswe, asikimbizwe, asipandishwe pikipiki.

Lazima mjue jambo moja zaidi. Mama huyu hakuwa na mazoea ya kumsemesha mkwewe moja kwa moja. Kwa heshima, neno lake lilipitia kwa binti: mwambie mwenzio apunguze redio, mwambie mwenzio shimo hilo. Bampa naye alijibu kwa njia hiyohiyo, ingawa wote watatu walikuwa ndani ya gari dogo kama kabati.

Walifika darajani saa moja na dakika kumi. Upande mmoja wa daraja ulikuwa unatengenezwa, kwa hiyo njia mbili zilikuwa zinageuka moja. Kibao kilisema njia ya kushoto inaisha baada ya mita mia tatu. Watu walipokisoma tu, wote wakajibana kulia, foleni ikarefuka mpaka kituo cha mafuta, na njia ya kushoto ikabaki tupu kama uwanja wa shule siku za likizo. Aliyeifuata mpaka mwisho akahesabiwa mwizi. Bampa alikuwa na jina lao: wachomekeaji.

Jina lake mwenyewe alilipata kwa tabia yake. Kati ya bampa lake na la gari lililo mbele, alikuwa akijisifu, hata sindano haipiti. Klachi, breki, klachi, breki. Akitazama kioo, akitazama saa, akigonga usukani kwa kidole. Msimcheke sana. Tupo wengi humu tunaofanya hivyo, tunarudi nyumbani na kujiita wastaarabu.

Gari la bluu likaja kwa njia ya kushoto, taratibu, mpaka mwisho kabisa, likawasha indiketa. Ndani alikuwa mama mmoja, mpishi wa shule, na masufuria yamejaa kiti cha nyuma.

"Baba watoto, mpishe," mke alisema. "Ni mmoja tu."

"Nikimpisha mmoja, nyuma yake wako kumi."

Sauti ikatoka kwenye mto. "Mwambie mwenzio zipu haifungi hivyo. Jino la huku, jino la kule. Ukilazimisha upande mmoja upite wote, inakwama."

"Mwambie mama hii ni barabara, si suruali."

Mke akatazama saa. Saa ilikuwa moja na dakika ishirini, na hospitali ilikuwa mwendo wa dakika kumi baada ya daraja. Bampa akakata usukani kushoto ili azibe ule upenyo. Mpishi hakusimama, kwa sababu alishaingiza pua. Kioo cha pembeni kikavunja kioo cha pembeni, mlango ukakwangua mlango, na magari mawili yakabanana katikati ya vizuizi vya zege kama wanene wawili wanaogombea mlango mmoja wa choo.

Bampa alishuka na mdomo wake mbele. Alimwuliza mpishi anajiona nani, wenzake wako kwenye foleni tangu kituo cha mafuta.

"Njia zilikuwa mbili, baba," mpishi alimjibu. "Nimefuata yangu mpaka imeisha. Sasa imeisha, nipae?"

Waliokuwa karibu wakacheka, na kicheko kile kikamtia Bampa moto zaidi. Akasema hasogei mpaka askari aje. Wakapiga honi, wakatukana, wakapiga picha kwa simu. Mke alitoka akamshika mkono, akamwonyesha saa. Hapo ndipo akili ilipomrudia. Akakimbilia usukani arudi nyuma, atoke pale alipojitia.

Hakukuwa na nyuma. Gari lililomfuata lilikuwa limemgandia kama yeye alivyomgandia wa mbele, na la nyuma yake hivyohivyo, mpaka kituo cha mafuta. Kila dereva alikuwa Bampa. Askari wa trafiki alifika kwa miguu, jasho limemlowanisha, akaanza kurudisha magari moja baada ya jingine kutoka mkiani. Mke akauliza kama mgonjwa anaweza kuvushwa kwa miguu. Mama mkwe akajaribu hatua nne, akasema anaona majivu yanamwagika, wakamrudisha kwenye mto.

Walifika hospitali saa mbili na dakika hamsini. Muuguzi alikuwa mpole, na upole wake ndio uliotisha. Aliwaonyesha karatasi: jina la mama limepigwa mstari, na mgonjwa mwingine ameshaingizwa chumba cha upasuaji. Bingwa ana wagonjwa mpaka dakika ya kuondoka. Wakahangaika hospitali nyingine mbili siku hiyo. Hakuna aliyekuwa na mashine wala mtu.

Jioni, ndani ya gari lenye kioo kimoja cha pembeni, mama mkwe aliinua uso.

"Mwanangu," alisema, na safari hii hakumpitisha binti. "Yule mama, ungempisha, ingechukua muda gani?"

Bampa alifikiri kwa uaminifu, pengine mara ya kwanza siku ile.

"Kama kupiga chafya, mama."

FUNZO

Njia mbili zinapokuwa moja, tumieni zote mbili mpaka zinapokutana, kisha pishaneni: mmoja wa huku, mmoja wa kule. Anayefika mwisho wa njia yake hajakuibia kitu. Acha nafasi mbele yako, maana siku moja utaihitaji wewe mwenyewe kurudi nyuma. Na usiyempisha, ndiye anayekuzuia.

Kuhusu watu wenyewe: daraja lilimalizwa, njia mbili zikarudi. Mpishi bado anapika shuleni, na mlango wake haujanyooshwa. Askari alihamishiwa kituo kingine. Mke ndiye anayetunga uzi kwenye sindano. Jicho la mama lilizimika kabla ya mwezi kuisha; anaishi nao, chumba cha karibu na jiko, na anabadilisha zipu kwa kupapasa. Bampa bado anaendesha. Foleni ikibana, sauti kutoka nyuma humwuliza, bila kupitia kwa mtu, "Umempisha?" Naye hujibu, "Mmoja, mama."